Turbo Ishtakiwe Mwisho

Kiangazi kikishakolea na vumbi la barabara ya Likasi kuelekea Kolwezi likianza kufunika majani ya miti, garaji za Kakanda na Likasi hupokea lalamiko lilelile kwa midomo tofauti. Mmoja husema gari linakohoa. Mwingine, linakatakata likianza kupanda. Wa tatu anadai halivuti tena kama zamani, na shemeji yake ameshamwambia kwamba turbo imekufa. Hukumu hiyo hutolewa upesi mno. Turbo ni kifaa cha bei, fundi asiye na subira hupenda kukitaja kwanza, na mwenye gari, kwa kuogopa kuzimikiwa njiani katikati ya malori ya migodi, hukubali. Turbo mpya inafungwa, pesa zinakwenda, gari linaendelea kukohoa.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya mwenye Hilux, Prado, Land Cruiser au Pajero ya mazuti, na kwa wale wachache wenye Subaru au Caldina ya esansi yenye turbo. Si lazima uwe fundi. Inatosha ujue kuuliza na kutazama, maana turbo mara nyingi hulaumiwa kwa kosa la kifaa kingine, na hata ikiwa imekufa kweli, kuna kitu kilichoiua.

Kazi yake si ya ajabu. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti na gurudumu la pili, ambalo huvuta hewa kupitia filta na kuikandamiza. Hewa hiyo ya moto hupita kwenye intakula ipoe, kisha inaingia kwenye silinda ikiwa nyingi kuliko ile ambayo injini ingevuta yenyewe. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi alilisajili wazo hili mwaka 1905, na msingi wake haujabadilika hadi leo. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Kumbuka oili hiyo, tutairudia.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya gari havilisemi kwa sauti. Likasi na Kakanda ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Bandarini Dar es Salaam, ambako magari mengi yaliyotumika huteremshwa kabla ya kupita Zambia na kuingia Kasumbalesa, hewa ina mgandamizo wa kilopaskali 101 hivi. Hapa kwetu ni kama 87. Injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kupanda tu huku juu. Injini yenye turbo hulipa pengo hilo kwa kuizungusha turbo kwa kasi zaidi. Ndiyo maana tiyo ya hewa yenye ufa mdogo, ambayo Dar isingemsumbua mtu, huku inamnyima dereva usingizi. Turbo yetu haina akiba ya kupoteza.

Swali la kwanza kumuuliza mtu mwenye gari linalosumbua si “linafanyaje?” bali “linafanya lini?” Jibu la swali hili ni nusu ya matibabu. Linasumbua likiwa baridi asubuhi, au likishapata moto? Likiwa limesimama linanguruma tu, au likibeba mzigo? Linaanza baada ya kujaza mafuta mahali fulani? Baada ya kuoshwa? Baada ya mvua ya kwanza? Likisumbua, je, ukizima na kuwasha papo hapo linapona, au mpaka lipumzike robo saa? Mwenye gari anayeyajua majibu haya akifika garaji, kazi ya fundi ni ya saa chache. Asiyeyajua analipia majaribio.

Tuchukue hilo la kuzima na kuwasha, maana lina siri kubwa. Kompyuta ya injini ikiona presha ya turbo imepita kiasi, au imepungua chini ya inavyotaka, hupunguza mafuta ili injini isijiumize. Dereva anahisi gari limekuwa zito ghafla, kama limefungwa trela asiloliona, na halizidi kasi fulani hata akanyage vipi. Akizima na kuwasha tena, kompyuta nyingi husahau, na gari linarudi na nguvu zake hadi mlima unaofuata. Hapo tatizo liko kwenye uendeshaji wa presha. Lakini gari likizima lenyewe au likikatakata, kisha likapona baada ya kupumzika dakika kadhaa pembeni, yatazame mafuta. Takataka ndani ya tangi huvutwa hadi kwenye mdomo wa bomba na kuuziba. Injini ikizima, mvuto unakwisha, takataka zinashuka, na gari linawaka kama halikuwa na neno. Kabla ya kulishusha tangi, jaribu jambo lisilogharimu hata faranga moja: likianza kukosa nguvu, simama ufungue kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu na gari likaendelea vizuri, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Vumbi letu linaweza hilo pia.

Halafu tazama moshi. Kwa injini ya mazuti, moshi ni shahidi asiyejua kusema uongo, ila anahitaji kuulizwa vizuri. Mwambie mtu akufuate kwa nyuma wakati unapanda mlima ukiwa umekanyaga. Gari likikosa nguvu huku likitoa moshi mweusi mzito, mafuta yapo na hewa haitoshi: tafuta filta iliyoziba, tiyo iliyopasuka au kuchomoka, intakula iliyotoboka, turbo isiyosukuma, au vali ya EGR, ile inayorudisha moshi kwenye injini, iliyoganda wazi. Likikosa nguvu bila moshi wowote, mara nyingi ni mafuta yasiyofika. Nasema mara nyingi, kwa sababu sensa ya kupima hewa ikichafuka huidanganya kompyuta kwamba hewa ni kidogo, nayo kompyuta inapunguza mafuta. Gari linalegea, moshi hakuna. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe wenye harufu kali ya mazuti ni mafuta yasiyoungua, na hapo enjekta ziko kwenye orodha ya watuhumiwa.

Nianze na mafuta, maana kukatakata kwingi huku kwetu kunatoka huko. Wauzaji wa kando ya barabara, wale tunaowaita kadafi, wanatuokoa pale pampu zinapokauka, na sitamlaumu anayenunua kwao akiwa hana njia nyingine. Lakini mazuti yaliyohamishwa kutoka pipa hadi bidoni na kutoka bidoni hadi chupa yamekusanya maji na mchanga. Injini za zamani kama 1HZ ya Land Cruiser ziliyavumilia. Injini za common rail, kama 1KD ya Prado na Hilux ya lita 3.0, zinasukuma mafuta kwa presha ya zaidi ya bar 1,000 kupitia matundu membamba mno. Tone la maji humo ni hasara. Basi fanya hivi: chukua chupa safi ya maji inayoonyesha, jaza mazuti unayotilia shaka, iache usiku kucha mahali palipotulia. Asubuhi maji yatakuwa yamekaa chini, juu yake mstari, kisha mafuta. Chini ya filta ya mazuti kuna kizibo cha kumwagia maji. Kifungue kila unapobadilisha oili, na kila baada ya kununua mafuta usiyoyaamini.

Filta ya mazuti ikiwa mpya na gari bado linakatakata hasa ukiwa umekanyaga kidogo tu, kwa mwendo uleule, kwenye njia tambarare, na mizunguko ya injini inapanda na kushuka hata likiwa limesimama, usikubali haraka kuuziwa seti nzima ya enjekta. Kwenye pampu ya presha kubwa ya Toyota D-4D kuna vali ndogo inayoamua mafuta kiasi gani yaingie pampuni. Mafundi huiita SCV. Ikichakaa hukwama na kujiachia, kukwama na kujiachia, na gari linatikisika kama lina degedege. Skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, huweza kuonyesha P0087, yaani presha ya mafuta iko chini ya inavyotakiwa. SCV ni sehemu ndogo na bei yake haikaribii ya enjekta nne. Anza na hiyo.

Kwa magari ya esansi yenye turbo maelezo ni mafupi. Yakidunda wakati turbo inasukuma na kutulia ukiachia mafuta, fungua bujia kwanza. Hewa iliyokandamizwa ni ngumu kwa cheche kuruka ndani yake. Pengo la bujia likiwa pana, cheche huzimwa, silinda inakosa mwako, na skana inaandika P0300 au namba ya silinda yenyewe, P0301, P0302 na kuendelea. Injini nyingi za aina hii hutaka pengo la milimita 0.7 hadi 0.8, soma kitabu cha gari lako. Bobini yenye ufa nayo hufanya hivyohivyo, na hudhihirika zaidi msimu wa mvua. Ihamishe kutoka silinda moja hadi nyingine: ugonjwa ukihama nayo, umempata mgonjwa. Na esansi iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga ndani ya injini. Ukisikia mlio kama kokoto kwenye bati ukikanyaga, ujue kompyuta inarudisha nyuma muda wa cheche na nguvu zinapotea. Gari la esansi lenye turbo nisingelipendekeza kwa mkaazi wa Kakanda, lakini watu hupenda wanachopenda.

Sasa hewa. Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Fungua kisanduku cha filta ya hewa mwenyewe. Usitazame upande mchafu. Kila mtu anajua utakuwa mchafu. Toa filta, kisha pitisha kidole chako ndani ya tiyo inayotoka kwenye filta kwenda turbo, upande unaopaswa kuwa safi. Kidole kikitoka na unga mwekundu, umeona chanzo cha matatizo yako ya mwaka mzima. Vumbi hilo halipiti bure: linasaga ncha za mabawa ya gurudumu la turbo hadi ziwe butu, linakaa kwenye waya mwembamba wa sensa ya kupima hewa, kisha linashuka kwenye silinda kula ringi za pistoni. Limeingiaje? Ama filta ni bandia na ukingo wake wa mpira haukai sawasawa, ama klipu ya kisanduku imevunjika, ama filta imepulizwa na kompresa. Hili la mwisho ni kosa la kila garaji. Fundi anashika bomba la upepo, anakaribisha mdomo wake hadi unagusa karatasi, vumbi linaruka, mteja anafurahi. Karatasi imeshatobolewa matundu usiyoyaona. Washa taa ya simu ndani ya filta iliyopulizwa mara kadhaa, kaa gizani, uitazame kwa nje: ukiona nukta za mwanga, itupe. Ikiwa ni lazima kupuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, mdomo wa bomba ukiwa mbali. Anayefanya kazi kwenye njia za migodini anapaswa kuhesabu filta kama anavyohesabu mazuti, gharama ya kila msimu.

Sensa ya kupima hewa haisafishwi kwa kidole wala kwa esansi. Kuna dawa yake ya kupuliza. Puliza, iache ikauke kabisa, irudishe. Ukishindwa kuipata Likasi, Lubumbashi ipo.

Kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini kuna tiyo za mpira, kolie zinazozikaza, na intakula yenyewe. Hewa ikitorokea hapo utasikia mluzi au “shiii” ukikanyaga, na mara nyingi utaona alama ya oili nyeusi yenye vumbi pale inapovuja. Papasa kila tiyo kwa chini, upande usioonekana, kwa sababu ndiko zinakosuguana na chuma. Lakini nyufa nyingine hufunguka tu presha inapopanda, na kwa injini iliyolala huzioni. Hapo tengeneza kipimo cha kienyeji. Tafuta kizibo cha bomba la PVC kinachoingia barabara kwenye mdomo wa tiyo ya turbo upande wa filta, kitoboe, funga humo valvu ya tairi isiyo na mrija. Ziba bomba la kupumulia la injini linaloungana hapo. Injini ikiwa imezimwa na baridi, jaza hewa taratibu hadi bar 0.5, isizidi 0.7, huku mtu akipaka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Povu litakuonyesha. Usishtuke ukisikia hewa kidogo ikinong'ona ndani ya injini, hiyo inapita kwenye vali zilizo wazi na ni kawaida. Usisimame mbele ya tiyo, ikichomoka inapiga. Mafundi wazee waliopitia karakana za kampuni ya madini ya Gécamines kule Panda hawahitaji kuelezwa haya. Kwao kupima kabla ya kubadilisha ni ada ya kazi. Mtafute fundi wa namna hiyo hata kama bei yake iko juu kidogo.

Oili kidogo ndani ya tiyo za intakula isikutishe. Utando mwembamba ni jambo la kawaida kwa injini nyingi za mazuti. Oili inayomwagika ukichomoa tiyo ni habari nyingine.

Tiyo zikiwa nzima na presha bado si sawa, tazama kinachoiongoza turbo. Turbo nyingi za mazuti za siku hizi zina vibawa vidogo upande wa moshi, vinavyojifunga na kujifungua kuamua moshi upige gurudumu kwa nguvu gani. Masizi hukaa humo na vibawa vinaganda. Vikiganda vimefunga, presha inapita kiasi mlimani na kompyuta inakata nguvu: P0234. Vikiganda wazi, gari ni zito tangu chini: P0299. Kwenye magari yanayotumia mvuto wa hewa kuna fimbo ndogo kando ya turbo. Mtu awashe injini huku unaitazama: inapaswa kuvutwa bila kusitasita, na kurudi ikizimwa. Isipotikisika, fuatilia vile vijitiyo vyembamba vya mvuto kabla ya kugusa turbo. Huchakaa kwa joto, hupasuka, na bei yake ni ya soda. Kwenye 1KD fimbo inaendeshwa na mota ya umeme, hivyo hapo utaanza na soketi yake: maji, vumbi, pini iliyopinda, waya uliotafunwa na panya. Gari lililoanza kusumbua baada ya kuoshwa injini kwa maji ya presha, kwanza likaushwe soketi.

Skana sasa ni rahisi, na vile vidogo vinavyozungumza na simu vinatosha kwa mengi. Ila wengi wanaitumia kusoma namba ya kosa tu na kuifuta. Namba hukuambia kompyuta imelalamikia nini, haikuambii ununue nini. P0299 ni presha pungufu. Inaweza kuwa kolie iliyolegea. Faida kubwa ya skana iko kwenye vipimo hai. Washa swichi bila kuwasha injini, soma presha ya manifoldi. Hapa Likasi inapaswa kusoma karibu na 87, kwa sababu ndiyo hewa iliyopo. Ikisoma 101, au 70, sensa inadanganya, na kila uamuzi wa kompyuta umejengwa juu ya uongo huo. Kisha mpe mwenzako skana akae kiti cha abiria, tafuta mlima usio na malori, gia ya tatu, kanyaga yote kuanzia mizunguko 2,000. Dizeli nyingi za siku hizi zitapanda hadi 200 au zaidi. Baadhi ya skana huonyesha pia presha ambayo kompyuta inaitaka, na pengo kati ya hizo mbili ndilo la kulisoma. Presha ikipanda vizuri huku gari linakatakata, iache turbo kabisa, rudi kwenye mafuta na umeme.

Tumefika kwenye turbo yenyewe. Toa tiyo ya hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili, injini ikiwa baridi. Mchezo mdogo wa pembeni ni kawaida, kwa sababu ya ule utando wa oili. Mchezo wa kwenda mbele na nyuma unaouhisi, au mabawa yaliyogusa nyumba yake na kuacha mikwaruzo, huo ni mwisho wake. Basi sasa iulizwe imekufa kwa nini. Kwenye 1KD kuna kisa kinachojulikana: vizibo vya shaba chini ya enjekta vikipitisha moshi wa mwako, masizi yanashuka kwenye oili, yanaganda, na kuziba chujio la kufyonzea oili chini ya injini. Turbo, iliyo mwisho wa njia ya oili, inakauka mapema kuliko vifaa vingine. Ukifunga mpya bila kufungua bakuli la oili na kutazama chujio hilo, umeifunga ikafe. Vilevile intakula ioshwe vipande vya chuma vitoke, na bomba la kuleta oili libadilishwe au lisafishwe hadi lipitishe mwanga. Badilisha oili kila kilomita 5,000 kwa vumbi hili letu, na ukimaliza mlima mrefu na mzigo, acha injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, oili iipoze turbo.

Siku fundi atakapokuambia ni turbo, mwambie aitoe, akuwekee mkononi, akuonyeshe palipoharibika na akutajie kilichoiharibu. Akishindwa kulitaja hilo la mwisho, usitoe pesa ya mpya. Lipeleke gari kwa mwingine.